Pua ya Kuazima

Mpishi hakuwa anasikia harufu ya kitu chochote. Naanza hapo kwa sababu watu wa Bwera waliomjua watabisha. Watasema, yule mzee aliyekuwa akizunguka uani na jani mkononi, akilisukuma chini ya pua ya kila mgeni na kumwamuru, "Nusa, kisha sema"? Ndiye huyo huyo. Wao walidhani anawafundisha, kumbe alikuwa anawaomba. Pua yake ilikufa mwaka ule wa barakoa, mpaka wa nchi ulipofungwa na kila nyumba ikakohoa, na haikuamka tena. Alinieleza mimi peke yangu, na sidhani kama ni kwa kunipenda. Nilikuwa jirani wa karibu, pua yangu nzima, na asubuhi sikuwa na la kufanya.

Na mimi nilimdanganya. Katika mimea yote aliyokuwa nayo nilimdanganya kuhusu mmoja tu, ule aliouthamini kuliko mingine, kwa zaidi ya mwaka mzima, nikimtazama usoni. Nisingekuwa na hilo kifuani nisingekaa kuandika habari zake, kwa sababu si mtu wa kuandikwa. Hakupenda hata kupigwa picha.

Alikuwa mpangaji wetu. Nyuma ya nyumba mume wangu alijenga vyumba vinne vya kupangisha, na Mpishi akachukua cha mwisho, kinachopakana na jiko. Alikichagua kwa sababu ya ukuta, ambao hupata jua la asubuhi na kukaa kivulini mchana. Chumba chenyewe hakukiangalia, alichungulia mara moja akasema kinatosha kulala. Kila mtu alimwita Mpishi, pamoja na padri na mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa kabla ya kuvuka mpaka kuja kwetu alikuwa amewapikia mapadri wa misheni moja upande wa Butembo kwa miaka inayozidi umri wangu. Jina lake nalijua. Yeye mwenyewe alilitumia kwenye karatasi za ukimbizi tu, basi na mimi naliacha huko.

Bustani yake haikugusa ardhi hata mahali pamoja. Alipanda kwenye mabeseni yaliyopasuka, jerikeni zilizokatwa ubavuni, matairi mawili ya pikapu ya mume wangu, sufuria zilizotoboka, na kiatu kimoja cha mvua ambacho kilikuwa na vitunguu vya majani na kilizaa vizuri kuliko shamba la watu fulani. Kulikuwa na seleri, dania, mrehani, nanaa, mchaichai, na jani la kupambia supu ambalo yeye aliliita persili. Seleri hakuinunua kama mche. Alichukua kitako cha seleri ambacho wenye hoteli wanatupa, akakiweka kwenye sahani ya maji siku tano, kikachipua.

Udongo aliupika. Sina neno lingine. Mavi ya mbuzi yaliyokaa miezi mitatu, maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine ya kukobolea, majivu kidogo, na mchanga wa mto Lubiriha ambao ilibidi uoshwe mara mbili. Mara ya kwanza nilipomwona amekaa kwenye kigoda anaosha mchanga kwenye beseni, akimwaga maji machafu na kuweka mengine, nilimwita mume wangu aje kuona. Mume wangu akamuuliza, "Mzee, na ukiisha kuosha utauanika?" Mpishi akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo. Kwa kamba yenu." Tukacheka. Kesho yake tulikuta kamba yetu ya nguo imening'inizwa mfuko wa unga uliojaa mchanga, unachuruzika.

Alikata majani kwa wembe, kamwe si kwa vidole, na kabla jua halijafika. Ukilikwanyua kwa vidole, alisema, umelitia jani woga. Maji ya kumwagilia yalikuwa yale ya kuoshea mchele na mboga, ambayo aliyadai kwetu sote wa uani, na ole wake aliyetia sabuni. "Sabuni ni ya sahani," alikuwa akisema. "Jani haikukula kwako, juu ya nini unaioshea?" Kila chombo alikichomekea kijiko kikuukuu kilichokunjwa mpini, na kwenye mpini amekwaruza jina kwa msumari. Vijiko hivyo vilitoka wapi sijui. Mama mmoja wa chumba cha pili alikuwa na mawazo yake juu ya jambo hilo.

Lugha yake na yangu ni ndugu wa tumbo moja. Yeye akisema Kinande na mimi Lukonzo tunasikilizana bila shida, na mambo ya mvua, ya ugonjwa na ya watu tuliyazungumza hivyo. Lakini akishika jani alihamia Kiswahili cha kwao, kile chenye Kifaransa ndani, kwa sababu jikoni aliingia akiwa kijana na Kiswahili ndicho alichofundishwa nacho. Nadhani hakuwa na neno la kwao la seleri. Jina langu pia alilivuta upande wake. Mimi ni Kabugho, binti wa tatu. Yeye aliniita Kavugho, kama wanavyosema kule, na baada ya miaka miwili nikawa naitika hivyo kuliko ninavyoitika nyumbani kwetu.

Huyu mtu aliyewapikia wageni wa maaskofu nyama zilizolazwa kwenye divai alikula ugali wa muhogo na samaki wa chumvi, siku zote, kwa mkono, akiwa ameupa uani mgongo. Katika majani yake hakutia hata moja kwenye chungu chake. Nilimuuliza sababu nikajibiwa kwamba mshona suti naye huenda shambani na shati lililochanika. Mimi ndiye mshonaji, kwa hiyo lilinihusu. Rozari hakuikosa, na baada ya rozari alimtukana konokono kwa Kifaransa maneno ambayo kijana mmoja aliyesoma ng'ambo, Beni, alikataa kunitafsiria. Wanawake walipokuja kuomba majani ya kikohozi cha watoto aliwafukuza: "Mi niko mupishi, siko munganga! Kama mutoto iko anakohoa, mupeleke kwa dispensari!" Halafu akikohoa mwenyewe alichemsha mchaichai na mrehani akanywa vikombe vitatu, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa vipandikizi alikuwa mkarimu mno, kwa mapishi alikuwa bahili wa kutisha. Ungeweza kuondoka na nusu ya nanaa yake. Ukimuuliza inatiwaje kwenye nyama alikwambia, "Utaharibu kwanza mara kumi, kisha utajua."

Mume wangu aliumwa kichwa Jumatatu na Alhamisi tukamzika. Aliendesha pikapu ya kubeba kahawa kutoka Bwera kwenda Kasese na alikuwa mtu wa kelele, mtu ambaye ukiwa ndani ya nyumba unajua yuko uani. Sikulia. Kanisani walisema nina imani kubwa, na mama mchungaji akanitolea mfano mbele ya wanawake. Sikuwa na imani kubwa. Sikuwa na kitu. Nilikaa juu ya mkeka nikaona watu wanaingia na kutoka, nikala nilichopewa, nikajibu kila aliyeuliza. Cherehani yangu ilifunikwa na kitambaa na sikukifunua. Watoto wetu walichukuliwa na mama mkwe kwa muda, nao pia niliwaaga vizuri, bila kusikia chochote, kama ninavyomuaga mteja.

Mwezi mmoja baada ya maziko Mpishi aligonga dirisha langu kwa kijiko.

"Kavugho. Toka inje. Niko na kazi na pua yako."

Nilitoka kwa sababu kukataa kulihitaji maneno mengi zaidi. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa jani la seleri, ndipo akaniambia habari ya pua yake. Aliniambia kwa sauti ya chini akitazama chumba cha pili. Mpishi asiyesikia harufu, alisema, ni mutu gani? Watu wakijua watamwonea huruma, na huruma hakuitaka. Harufu zote alikuwa nazo kichwani, alizipanga huko miaka hamsini. Ila zilikuwa zinaondoka. "Iko naenda moja moja. Juzi nilitafuta ya mrehani, haiko. Nilitafuta usiku yote. Sasa weye utanusa, utasema. Ukisema muzuri, inarudia kidogo."

Nikanusa seleri. "Inanuka kama majani," nikasema.

"Majani gani? Yote iko majani! Hata kaburi iko na majani! Nusa tena."

Hivyo ndivyo asubuhi zangu zilivyokuwa. Sikuwa na furaha nazo, wala sikuwa na huzuni nazo. Kijiko kiligonga dirisha, nikatoka, nikanusa, nikatukanwa. Nilikuwa na pua ya ukuta. Nilikuwa na pua ya benki, inapokea tu haitoi. Siku moja nilisema dania inanuka sabuni na kunguni aliyepondwa, naye akapiga goti lake kofi mpaka kigoda kikayumba. "Njo yenyewe! Kunguni! Padri mumoja alikuwa nasema vile vile, na alikuwa anaikula kila siku!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Mimi sikucheka, lakini kesho yake niliamka kabla ya kijiko. Nikajifunza kusema kwamba seleri ina maji ya kisima kipya na chumvi inakuja nyuma. Nikajifunza kwamba nanaa asubuhi na nanaa mchana si moja. Alinisikiliza amefumba macho, na nikikosea alikunja uso, na nikipatia mabega yake yalishuka.

Mmea wa mwisho kila siku ulikuwa rozmari. Ulikaa kwenye mkebe mkubwa wa nyanya juu ya dirisha lake, peke yake, bila kijiko, kwa sababu huo haukuhitaji jina. Siku aliyokimbia alikuwa jikoni. Hakuchukua viatu wala pesa zake zilizokuwa chini ya gunia la chumvi. Alivunja tawi la rozmari mlangoni akalitia mfuko wa aproni na akatembea siku mbili. Darajani Mpondwe, mpakani, mwanajeshi mmoja alimsimamisha.

"Weka chini! Hiyo nini?"

"Afande, ni ya kutia mu nyama."

"Nyama iko wapi?"

"Nyama haiko, afande."

Askari akaangalia miguu yake iliyovimba. "Pita! Haraka!"

Kisa hiki alikisimulia kwa watu wote na wote walicheka. Sehemu nyingine alinisimulia mimi, mara moja tu, huku akiosha mchanga. Mtunza bustani wa mapadri alikuwa mke wake. Rozmari ile aliipanda yeye, mlangoni mwa jiko, ili mumewe asilazimike kutembea. "Mikono yake ilikuwa nanuka hii. Hata akinawa. Hata kwa kanisa." Nikauliza mama yuko wapi sasa. "Alibaki kule," akasema, na jinsi alivyomwaga yale maji nilijua amebaki namna gani.

Basi rozmari aliniambia nisiiseme mbio. Niliinusa muda mrefu siku ya kwanza nikamwambia: ina moshi wa kuni za msituni, ina dawa ya kuchua kifua, na mwishoni kuna kitu kitamu kidogo, asali iliyoungua. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja vimetazama juu. Tangu hapo aliitaka hivyo hivyo kila asubuhi, na nilimpa.

Mwaka ulipotimia tangu mume wangu azikwe, Mpishi alikwenda Kasese kwa binti yake kuondolewa mtoto wa jicho. Alipangiwa wiki tatu. Aliniachia agizo moja. "Zingine zikikufa, zikufe. Rozmari, kikombe moja kila siku tatu. Mukebe iko ndogo, inakauka mbio." Nikasema sawa, Mzee.

Wiki hiyo hiyo walikuja ndugu wa mume wangu kwa ibada ya kumkumbuka. Walikula, walisali, walisoma hotuba, wakaondoka na viti vyao. Na mimi nikalala. Sijui kulieleza vizuri. Sikuwa mgonjwa. Nililala nikaamka nikaona hakuna cha kuamkia, kijiko hakigongi, nikageuka upande wa pili. Ulikuwa msimu wa jua kali. Nilipotoka siku ya kumi na mbili, mrehani ulikuwa umelala chini, dania imekuwa nyasi, lakini rozmari ilikuwa imesimama kwenye mkebe wake, na majani yake yote. Nikashukuru. Nikaimwagilia kikombe kimoja, na siku tatu baadaye kingine.

Mtu anayejua mimea ameshaelewa. Mimi sikujua. Rozmari ikifa hainyauki, haianguki, inabaki imesimama na rangi yake karibu ile ile. Nilimwagilia maiti wiki nzima. Siku moja nilipitisha kiganja juu yake na majani yote yakabaki mkononi mwangu.

Mpishi alikuwa anarudi Jumamosi. Hapo nilifanya jambo ambalo sikulifanya kwa ajili ya watoto wangu wala kwa ajili ya cherehani: nilivaa, nikafunga mlango, nikasafiri. Dada yangu ameolewa Kitswamba na analima vitunguu kwenye kiploti cha kukodi kule Mubuku, na pembezoni mwa mfereji wa maji amepanda mstari wa rozmari ili wadudu wakae mbali. Nilichimba mmoja wenye umbo kama la ule wa kwetu. Dada akaniangalia nikiupima kwa mkono, urefu, unene, akasema, "Kabugho, umetoka kwako mara ya kwanza kwa mwaka mzima, na umekuja kwa huu mti?" Nikasema ndiyo. Akanipa na vitunguu.

Niliupanda kwenye mkebe ule ule, kwa udongo ule ule. Tawi la mke wake nililitia jikoni, likaungua upesi sana na uani wote ukanuka.

Alirudi anaona vizuri kuliko alivyoondoka, na hilo sikuwa nimelifikiria. Aliusogelea mkebe, akauangalia kwa jicho jipya, akaugeuza. "Imenona," akasema. Nikasema nimeitunza. Akakaa kwenye kigoda, viganja juu. "Nusa. Sema." Nikainama nikanusa rozmari ya Mubuku, nikasema: moshi wa kuni za msituni, dawa ya kuchua kifua, asali iliyoungua mwishoni. Mabega yakashuka. Nilitamani kuona aibu. Nilijua pale ndipo mahali pake, nikaisubiri, haikuja.

Ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na sababu ni kwamba nilizidi kuwa hodari. Mimea mingine niliisema kweli, na kila asubuhi nilipata kitu ambacho jana hakikuwepo. Nilifunua cherehani. Watoto walirudi. Ila tukifika kwenye mkebe wa nyanya nilikariri. Watu wakawa wanakuja kuomba vipandikizi vya rozmari ya Mpishi, ile iliyovuka daraja, naye akawakatia kwa wembe na kuwasimulia habari ya afande. Kisha akaja mama mmoja mfanyabiashara, anayeleta kitenge kutoka Butembo, akasema njia ya kwao imetulia kidogo na atapita karibu na ile misheni. Mpishi akakata tawi lililo bora. Aliomba lipandwe pale alipobaki mke wake. Mimi ndiye niliyelifunga kwa kitambaa chenye maji, na sikusema neno. Jioni ile nilikirudisha chakula changu chunguni. Ndiyo aibu yenyewe, nikaitambua.

Mvua za mwaka uliofuata miguu yake ilikataa, na binti yake akaja kumchukua. Aliondoka na rozari na wembe. Bustani aliniachia yote, mkebe pia, akisema kwa binti yake kuna mawe tu. Ni kweli. Nyumba ya binti yake iko Bulembia, pembeni ya Kasese, kwenye njia ya kwenda Kilembe, na mto ulipokasirika miaka ile uliwaachia uani mawe makubwa kuliko mbuzi, ambayo hakuna aliyeweza kuyaondoa. Miezi minne baadaye binti alinipigia simu. Mzee hali chakula vizuri, anaulizia pua yake. Anasema nije na rozmari.

Nilipanda gari na mkebe mapajani. Nilimkuta amelazwa kwenye kochi karibu na dirisha, mwembamba, jicho lile jipya limefunguka sana. Binti yake alinikaribisha, akanipa kiti, akaenda kuchemsha chai. Kwake hakukuwa na jani hata moja, niliangalia.

"Kavugho," akasema. "Ulikawia. Leta."

Nikamwekea mkebe kifuani. Akaushika kwa mikono miwili.

"Nusa. Sema."

Nikainama. "Ina moshi wa kuni za msituni," nikaanza, na nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anasema pamoja nami, bila sauti, neno kwa neno, dawa ya kuchua kifua, na kwenye asali akanitangulia. Macho yalikuwa yamefumbwa na uso umetulia. Hapo nikaelewa kwamba harufu hakuwa nayo tena, ya mke wake wala ya nani. Alichokuwa nacho ni maneno yangu. Na maneno yenyewe yalikuwa ya mmea uliokufa nikiwa nimelala.

Nikainama tena nikanusa kweli, kama nilivyokuwa nikinusa seleri.

"Haina moshi," nikasema. "Ina baridi. Ina rangi ya viatu, ile ya kopo, kidogo. Ina maganda ya limau ya jana, na chini kabisa kuna tope la mfereji. Asali sioni."

Alifungua macho.

"Hii haiko ya kwangu."

"Siyo ya kwako, Mzee."

"Ya kwangu ilikufa?"

"Ilikufa. Ulipokuwa huku kwa jicho. Sikuimwagilia siku kumi na mbili. Hii niliitoa Mubuku, kwa dada yangu."

"Juu ya nini haukumwagilia?"

"Nilikuwa nimelala."

Nilisubiri Kifaransa chake, kile cha konokono, na ningekipokea. Kwenye jiko la ndani nilisikia binti yake akipanga vikombe.

"Na ile ilienda kule?" akauliza. "Ile ulifunga na kitambaa?"

"Ni ya Mubuku pia. Nisamehe, Mzee."

Hakusema amenisamehe. Sitamsingizia. Aligeuza uso dirishani, kwenye yale mawe.

"Basi bibi yangu alipata mugeni," akasema mwishoni. Kisha akausukuma mkebe kwangu, kwa nguvu ambayo sikutegemea anayo. "Hii ni ya kwako. Peleka. Usiambie tena batu iko ya mupishi."

Nikauchukua. Nilisimama, maana nilidhani nimefukuzwa, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Nani anakuambia uende? Ikala."

Nikakaa.

"Bwana yako," akasema. "Yeye alikuwa nanuka namna gani?"

Watu wameniuliza mengi kuhusu mume wangu. Waliniuliza aliumwa nini, aliacha nini, nitaolewa tena au vipi. Nikafungua mdomo niseme sijui, kwa sababu ndilo jibu nililozoea, na lililotoka ni "Petroli." Sauti yangu haikuwa ya kwangu. Nikasema petroli, na vumbi la kahawa mbichi shingoni, ambalo halikutoka hata kwa sabuni, na karanga, maana alikula karanga akiendesha, na kwapa zake zilinuka kitunguu nami nilimtania nalo siku zote. Machozi yalikuwa yananifika kidevuni na sikuyafuta. Iliniuma. Iliniuma sana, pale nilipokaa, mbele ya mtu.

"Polepole," akasema Mpishi. Alikuwa amefumba macho, viganja juu. "Usiseme mbio."

Binti yake akaingia na chai, akatutazama, akaiweka chini, akatoka. Nilisema mpaka chai ikapoa, na nilikuwa sijafika hata kwenye nywele.